Kanada au Ujerumani? Jibu kwa muuguzi mwenye mume, mtoto na akiba ndogo

"Mimi ni muuguzi mwenye diploma ya miaka 3, nina umri wa miaka 34, na nimefanya kazi wodini kwa miaka 8. Mume wangu ni fundi umeme, ana miaka 38. Tuna mtoto mmoja wa miaka 8. Kuhama tumeshaamua, ila tumekwama kwenye kuchagua nchi. Mume anataka Kanada kwa sababu Kiingereza tunakijua, anasema Ujerumani tutapoteza miaka miwili kwenye lugha tu. Mimi kuna wakala ameniambia Ujerumani nitapata mkataba ndani ya miezi michache, na nikifika naanza uuguzi moja kwa moja. Akiba yetu ni kama dola 9,000 za Marekani. Kwetu sisi nchi ipi ni bora? Naomba unijibu bila kunificha kitu."

Dada, asante kwa kuandika kwa uwazi, ukataja hadi akiba. Wengi huuliza nchi ipi ni bora na kuniachia nikisie umri, cheti na mfuko. Wewe umenipa vyote, kwa hiyo hesabu nitakazofanya hapa ni zako.

Nikilisoma swali lako naona kuna imani mbili zinazovutana nyumbani kwenu, na kila moja ina ukweli nusu. Mumeo anaamini Kanada haitawadai lugha mpya. Wewe umeaminishwa kwamba Ujerumani utavaa sare ya muuguzi siku unayofika. Tuanze na ya mumeo.

Tangu Januari 2015 Kanada huchagua sehemu kubwa ya wahamiaji wake wenye ujuzi kwa mfumo uitwao Express Entry. Watu huufikiria kama foleni, kwamba ukivumilia siku moja utafika dirishani. Lakini hapa watu hupangwa kwa pointi, wa juu kwenda chini, kisha serikali inakata mstari. Aliye juu ya mstari anaalikwa kuomba ukaazi wa kudumu. Aliye chini anabaki pale pale, na kila mwaka umri unamnyang'anya pointi. Kwa mtu mwenye ndoa kama wewe, umri wa miaka 34 una pointi 75, wa 35 una 70, wa 36 una 65. Muda unaotumia kusubiri unaulipia.

Sasa tupige hesabu yako. Umri 75. Diploma yako ikitambuliwa kama masomo ya miaka 3, unapata 112. Kiingereza ukikifanyia mtihani wa IELTS na kupata 8 kwenye kusikiliza na 7 kwenye kusoma, kuandika na kuzungumza, ni 116. Uzoefu wa kazi na elimu, vikichanganywa na Kiingereza cha kiwango hicho, vinaongeza 75. Mumeo naye akifanya mtihani na vyeti vyake vikahakikiwa, anaweza kukuongezea 20 hivi. Jumla inakaribia 400. Mwaka 2025, awamu za mialiko zilizolenga watumishi wa afya zilikata mstari kati ya 460 na 510. Kwa hiyo hata ukifanya mtihani vizuri sana, kwa Kiingereza peke yake uko chini ya mstari kwa pointi 60 au zaidi.

Na hapo nimekupa alama za juu za Kiingereza. Ukipata 6.5 kwenye kuandika badala ya 7, kwingine kote ukabaki vile vile, unapoteza pointi 44. Nusu alama tu! Kinachotokea ni kwamba zile pointi za mchanganyiko wa elimu na uzoefu hutolewa kikamilifu pale tu ambapo stadi zote nne zimefika kiwango. Moja ikiteleza inaziburuta nyingine. Nimeona wauguzi hodari kabisa, watu wanaoandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku, wakikwama hapo, kwa sababu insha ya mtihani si ripoti ya mgonjwa. Ina muundo wake na inahitaji mazoezi yake.

Njia za kuziba pengo zipo. Ya kwanza ni kuteuliwa na jimbo, maana uteuzi huo una pointi 600 na ukiupata mjadala umekwisha. Ila majimbo mengi hutaka uwe na mwajiri, au uwe tayari umeanza safari ya leseni huko. Zamani ofa ya kazi peke yake ilikuwa na pointi zake, lakini zilifutwa Machi 2025, kwa hiyo anayekuuzia "barua ya ofa" kwa ajili ya pointi anakuuzia karatasi. Njia ya pili ni Kifaransa. Ukifika katika stadi zote nne kiwango cha NCLC 7, yaani cha 7 kwenye kipimo cha Kifaransa cha Kanada, ambacho kinakaribiana na B2 ya ngazi za lugha za Ulaya (A1 ndiyo ya mwanzo, kisha A2, B1, B2), unaongezewa kama pointi 62, unafika 460. Pia unaingia kwenye awamu za wanaojua Kifaransa, ambazo mstari wake huwa chini zaidi. Machi 2025 ulishuka hadi 379, ingawa Agosti mwaka huo huo ulipanda hadi 481.

Mwonyeshe mumeo hapo. Kanada, kwa umri wako na cheti chako, huenda ikakudai B2 ya Kifaransa. Ujerumani itakudai B2 ya Kijerumani. Mkibaki kubishana kama mjifunze lugha au msijifunze, mnabishana juu ya jambo ambalo limeshaamuliwa.

Pesa nazo zina neno lao. Kwa mwaka 2025 Kanada ilitaka familia ya watu 3 ionyeshe dola 23,360 za Kanada za kuanzia maisha. Dola zenu 9,000 za Marekani ni kama 12,000 na kidogo za Kanada, yaani nusu. Weka kando ada za maombi: kwa viwango vilivyopangwa Aprili 2024, watu wazima wawili na mtoto ni zaidi ya dola 3,300 za Kanada, kabla ya mitihani ya lugha, uhakiki wa vyeti na vipimo vya afya. Na ada hizo hupandishwa kila baada ya miaka 2. Tafadhali usikubali ushauri wa kukopa kwa jamaa, kuiweka pesa benki mwezi mmoja, kuchapisha taarifa ya akaunti kisha kuirudisha. Wanaangalia mwenendo wa akaunti wa miezi 6, na pesa ya mkopo hairuhusiwi. Wakikukuta umedanganya, unafungiwa miaka 5, na rekodi hiyo utaulizwa na kila nchi utakayoomba baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo mawakala hawalisemi, pengine hawalijui. Ukaazi wa kudumu wa Kanada na leseni ya uuguzi ni vitu viwili, vinatolewa na watu wawili tofauti. Idara ya uhamiaji inaweza kukupokea kama muuguzi mwenye uzoefu, ukashuka na familia yako, na bado usiruhusiwe kumgusa mgonjwa kama muuguzi mpaka chombo cha wauguzi cha jimbo lako kikusajili. Na nje ya Quebec, muuguzi aliyesajiliwa siku hizi ni mwenye shahada. Diploma yako ina uwezekano mkubwa wa kukuelekeza kwenye daraja la chini yake, lile la muuguzi wa vitendo, lenye mshahara mdogo zaidi na mtihani wake tofauti. Si kazi mbaya hata kidogo, ila uijue kabla hujafika. Uhakiki wenyewe unahitaji chuo chako kitume nakala za masomo moja kwa moja kwa wahakiki, siyo wewe kuzibeba mkononi. Nimeshuhudia faili likilala miezi mingi kwa sababu tu karani wa chuo hakuwa ameipeleka ile bahasha posta. Ukichagua Kanada, safari yako ya kwanza ni kwenye ofisi ya msajili wa chuo chako, na uende mara ya pili na ya tatu.

Sasa twende Ujerumani na maneno ya wakala wako.

Kwenye diploma, Ujerumani inakufaa zaidi. Wajerumani wenyewe kwa kawaida huwa wauguzi kwa mafunzo ya miaka 3, si kwa shahada, kwa hiyo cheti chako kinasimama mbele ya kipimo kinachofanana nacho. Mkataba nao unaweza kupatikana haraka kweli, kwa sababu uhaba wa wauguzi huko ni wa muda mrefu na wazee wanaongezeka. Mpaka hapo wakala hajakudanganya.

Tatizo liko kwenye "naanza uuguzi moja kwa moja". Jimbo utakalokwenda litalinganisha masomo yako na ya kwao na kukupa barua iitwayo Defizitbescheid, inayoorodhesha mapungufu. Karibu kila muuguzi kutoka nje ya Ulaya huipata, kwa hiyo usiione kama aibu. Baada ya hapo unaziba mapungufu kwa mojawapo ya njia mbili. Kuna mtihani wa maarifa wa mdomo na vitendo, yaani Kenntnisprüfung. Kuna pia mafunzo ya kujazilizia ndani ya hospitali, Anpassungslehrgang, ambayo hayana mtihani mzito wa aina hiyo lakini huchukua muda zaidi. Mpaka ukamilishe, unafanya kazi kama msaidizi na unalipwa kama msaidizi. Kima cha chini katika sekta ya uangalizi wa wazee kilichoanza Julai 2025 kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi na euro 20.50 kwa muuguzi kamili. Kwa kima hicho na wiki ya saa 39, msaidizi anaanzia kama euro 2,700 kwa mwezi kabla ya makato. Bima za jamii pekee huchukua karibu asilimia 21 ya hizo, kisha ndiyo kodi inafuata. Mwambie wakala akuonyeshe tarakimu ya mwisho wa karatasi ya mshahara, siyo ya mwanzo.

Halafu lugha. Mawakala hupenda kuwasafirisha watu wakiwa na B1, kwa sababu wanalipwa mtu akiondoka. Mimi nakuomba, kama ningemwomba mdogo wangu wa kuzaliwa, usiondoke kabla ya B2. Nikupe picha. Saa 12 asubuhi, ripoti ya zamu. Muuguzi wa usiku amechoka, anataka kwenda kulala, anawapitia wagonjwa 20 kwa dakika chache kwa lafudhi ya Bavaria au ya Saxony, anameza nusu ya maneno. Hakuna wa kukusubiri. Unaingia chumbani, bibi wa miaka 86 anakushika mkono na kukwambia "mir ist schwummrig". Darasani ulifundishwa kwamba kizunguzungu ni Schwindel, na hili la bibi hujawahi kulisikia. Unamtabasamia, unaendelea na trei ya dawa, na nusu saa baadaye anaanguka akielekea chooni. Goethe-Institut inakadiria vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45 kufika B2. Ukisoma kwa bidii huku unafanya kazi, ni mwaka mmoja na nusu hivi. Ukisoma bila kufanya kazi, unaweza kufika ndani ya mwaka. Mumeo anayaita hayo kupoteza muda, lakini kwenye taaluma yako lugha ni sehemu ya kazi kama vile kupima presha.

Utakutana pia na mshtuko ambao hauandikwi kwenye mkataba. Muuguzi wa Ujerumani humwogesha mgonjwa, humlisha, humgeuza kitandani na kumpeleka chooni, na mambo mengine unayoyafanya wewe leo wodini kwa mikono yako, kama vile kuweka kanula, hospitali nyingi za huko humwachia daktari. Wauguzi wengi wenye uzoefu huniandikia baada ya miezi 3 wakisema wameshushwa. Hawajashushwa. Kazi ya muuguzi huko imechorwa mipaka tofauti, na kumwogesha mgonjwa kunahesabiwa kuwa ni uchunguzi wa ngozi, wa pumzi na wa akili yake. Lakini kama fahari yako ya kazi iko kwenye sindano na maamuzi ya haraka, jiulize mapema. Kanada, ukishapata leseni, inampa muuguzi nafasi pana zaidi.

Umesema nisikufiche, basi na hili niliseme. Kwenye nyumba za wazee kuna wakaazi watakaokataa kuoshwa na mtu mweusi, na baadhi watasema kwa maneno machafu. Si wengi, lakini wapo. Kwenye usaili muulize mwajiri waziwazi wanafanya nini likitokea. Msimamizi mwenye jibu la kueleweka ameshawahi kumtetea mfanyakazi wake. Anayeng'aa macho na kusema kwao hayapo mambo hayo, huyo mwogope.

Familia ndipo nchi hizi mbili zinapoachana kabisa, na ningependa mkae hapo mlizungumze bila haraka. Kanada ikikukubali, inawakubali nyote watatu pamoja. Mnashuka mkiwa wakaazi wa kudumu, mumeo anaweza kutafuta kazi kesho yake, ingawa ufundi umeme nako huko una cheti chake cha jimbo. Ujerumani kwa kawaida muuguzi hutangulia peke yake. Mume na mtoto hufuata baada ya wewe kuwa na kipato cha kutosha, na mara nyingi hiyo huwa ni baada ya kutambuliwa kikamilifu. Miadi ya viza ya familia nayo ina foleni zake. Jipangeni kwa mwaka mmoja wa kutengana, na mkiungana mapema mshukuru. Wakishafika, mumeo ana haki ya kufanya kazi bila kuomba kibali kingine.

Mtoto wenu ana miaka 8, na umri huu una uzito ambao sidhani kama kuna mtu amewaeleza. Katika majimbo mengi ya Ujerumani, mwisho wa darasa la 4, mtoto akiwa na miaka kama 10, shule inagawa watoto: wengine Gymnasium inayoelekea chuo kikuu, wengine Realschule ya daraja la kati, wengine Hauptschule inayoelekea zaidi ufundi. Berlin na Brandenburg wanasubiri hadi darasa la 6. Fikiria mwanao anafika akiwa na miaka 10, Kijerumani chake ni cha wiki mbili, na walimu wanapaswa kupendekeza njia yake. Si hukumu ya maisha. Kuna shule za pamoja ziitwazo Gesamtschule, na mtoto anaweza kuhamia njia ya juu baadaye. Lakini inahitaji mzazi anayejua kuuliza na kusisitiza. Kanada haigawi watoto mapema hivyo. Mkichagua Ujerumani, mtoto naye aanze Kijerumani sasa hivi, pamoja nawe, na shule za jimbo ziwe kigezo unapochagua mwajiri. Wengi hutazama mshahara wa mji na kusahau hilo.

Upande wa maisha ya kila siku nitapita haraka, kwa sababu nchi zote mbili zitawalea vizuri mkishasimama. Ujerumani makato ni makubwa lakini yanarudi kwa namna yake: bima yako ya afya ya umma inamchukua mtoto, na mume asiye na kipato, bila kuwalipia zaidi. Ukiugua unalipwa mshahara kamili na mwajiri hadi wiki 6. Posho ya mtoto ni euro 259 kwa mwezi tangu 2026, bila kujali kipato. Likizo hospitalini mara nyingi ni siku 30 za kazi. Kanada mkononi hubaki zaidi, na posho ya mtoto wa umri wa mwenu ilifika hadi dola 6,748 kwa mwaka kuanzia Julai 2025, ikipungua kadiri kipato kinavyopanda. Daktari na hospitali hulipii, ila miwani na dawa nyingi ni juu ya bima ya kazini au mfuko wako, na watu wengi hawana daktari wa familia. Likizo ya kisheria katika majimbo mengi huanza na wiki 2. Kodi ya nyumba Toronto na Vancouver inaumiza. München nayo ni ghali, wakati Leipzig au Chemnitz mtapumua. Baridi, dada, Winnipeg inashuka chini ya nyuzi 30 za hasi. Ya Ujerumani ni ya kawaida tu ukilinganisha, ila giza la Novemba ni refu na watu hulidharau.

Uraia: Kanada unaweza kuomba ukishaishi siku 1,095 ndani ya miaka 5. Ujerumani, tangu sheria mpya ya Juni 2024, ni miaka 5 badala ya 8, na hawakulazimishi tena kuacha uraia wako wa kwanza. Hiyo ni kwa upande wao tu. Kama nchi yako hairuhusu uraia wa nchi mbili, utaupoteza kwa sheria ya nyumbani, kwa hiyo hakikisha.

Basi ningechagua ipi nikiwa mimi ndiyo wewe? Ujerumani, kwa sababu tatu: diploma yako inalingana na mfumo wao, akiba yenu haifiki nusu ya njia ya Kanada baada ya kutoa ada, na pointi zako zitakuwa zinashuka wakati mnaikusanya. Kanada ni nyumba ambayo inakutaka ulipe kila kitu ukiwa bado nje ya geti, kisha inawafungulia nyote. Ujerumani inakuingiza ukiwa bado na deni, na unalilipia ndani kwa lugha, kwa mshahara wa msaidizi na kwa mwaka wa kuwa mbali na mwanao. Kwa mfuko wenu wa leo, geti la Kanada halifunguki. Pia Kanada imepunguza idadi ya inaowapokea: kwa 2025 walikuwa wamepanga wakaazi wapya 500,000 wakashusha hadi 395,000, na kwa 2026 ni 380,000.

Ningebadili mawazo kama ungekuwa tayari na Kifaransa cha shuleni kinachoweza kufufuliwa, au kama unakaribia kumaliza shahada. Ningebadili pia kama kuna ndugu wa karibu anayeweza kuwapa pesa kama zawadi ya kweli yenye barua, si mkopo. Na kama kutengana na mtoto mwaka mzima ni jambo ambalo wewe au yeye hamtaliweza, hiyo nayo ni sababu tosha. Usimruhusu mtu akuambie ni udhaifu.

Kuhusu wakala. Kanuni ya uajiri wa haki huko ni kwamba mwajiri ndiye anayelipa gharama za kukuajiri, na kuna nembo ya ubora iitwayo Faire Anwerbung Pflege Deutschland kwa wanaoifuata. Wakala anayekutoza ada ya kukutafutia kazi, achana naye leo. Wasiotoza nao, soma kifungu cha kurudisha gharama. Muuguzi mmoja aliwahi kunitumia mkataba uliosema akiacha kazi kabla ya miaka 3 atalipa gharama zote za kuletwa kwake, na kiasi hakikupungua hata kama amebakiza mwezi mmoja. Alikuwa ameshasaini ukurasa wa mwisho. Mkataba usioweza kuusoma mwenyewe usiusaini. Kama uko kwa Kijerumani, mpe mtu asiyelipwa na wakala akutafsirie.

Kuna hali ambazo jibu la maandishi kama hili halitoshi, na ukiwa nazo unahitaji kukaa ana kwa ana na mwanasheria wa uhamiaji au mshauri aliyesajiliwa. Umewahi kunyimwa viza popote, hata ya matembezi. Mtoto ana mzazi mwingine ambaye lazima atoe ridhaa ya kusafiri. Mmoja wenu ana kesi ya zamani mahakamani, au ugonjwa wa kudumu, maana Kanada humpima kila mwanafamilia na matibabu yenye gharama kubwa mno yanaweza kuwa sababu ya kukataliwa. Washauri halali wa Kanada wamesajiliwa na College of Immigration and Citizenship Consultants, na majina yao unayatafuta mwenyewe kwenye orodha yao. Kwa Ujerumani, kabla hujatoa hata senti, zungumza na ZSBA, kituo cha serikali kinachowashauri bure watu walio nje ya nchi kuhusu utambuzi wa vyeti. Ukishafika, washauri wa Faire Integration husaidia bure mambo ya mkataba na haki za kazini.

Wiki hii fanya mambo mawili. Nenda chuoni kwako ukaombe orodha ya masomo yenye idadi ya saa za nadharia na za vitendo, kila somo na saa zake, kwa sababu zote mbili, Kanada na Ujerumani, zitaidai na ndiyo karatasi inayochelewa kuliko zote. Kisha jiandikishe A1, wewe na mtoto, na kama mumeo atakubali, naye. Orodha hiyo ikitoka nitumie. Nikiona saa zako za vitendo nitaweza kukuambia kama ningekushauri mtihani au mafunzo ya kujazilizia, na hilo litaamua ni jimbo gani uombe.